Aliyesilimu kwa Kumtafuta Mungu Mmoja



Katika Dominika hii ya Utatu Mtakatifu tuelekeze mawazo yetu Matemwe, kijiji cha kaskazini-mashariki ya Unguja, kinachotazamana na kisiwa cha Mnemba. Wenyeji wake karibu wote ni Waislamu, wavuvi na wakulima wa mwani. Wakristo walioko huko wengi ni vijana wa bara waliofuata kazi katika hoteli za watalii. Tumfikirie mmojawapo, aliyebatizwa mchanga na kupata kipaimara. Jumapili kwake ni siku ya kazi, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Minara Miwili, liko Mji Mkongwe, mwendo wa kilometa zipatazo 50. Adhana, lakini, anaisikia mara tano kila siku. Mwenzake kazini anamwuliza kwa upole: "Nyinyi mna miungu mingapi?" Anajibu, "Mmoja, lakini watatu," kisha hana la kuongeza. Mwaka haujaisha anatamka shahada, anabadili jina, na kuwaandikia wazazi kwamba amempata Mungu asiye na mshirika.

Nyumbani huwa kilio. Majirani husema kafuata mke. Wapo wanaosilimu kwa ajili ya ndoa, hatukatai. Lakini huyu ametaja sababu yake, nayo ni nzito kuliko zote. Kumwambia kwamba anadanganya ni kumvunjia heshima, tena ni kujinyima nafasi ya kujua sisi tulimfundisha nini.

Ndugu makatekista, hapa tukae kidogo. Watoto wetu wengi hukariri maswali na majibu, wakapata sakramenti, na Utatu ukabaki hesabu isiyotatulika. Tukitaka kuwasaidia, tunawapa mfano wa mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja. Mfano huo ni mbaya. Mafiga ni mawe matatu, na kila moja laweza kuondolewa likabaki jiwe lile lile. Anayeujua Utatu kwa mafiga amefundishwa miungu mitatu, jambo ambalo Kanisa hulikataa kama alikataavyo Mwislamu.

Bwana wetu alipoulizwa juu ya amri iliyo kuu, alianza na ungamo la Waisraeli kwamba Mungu ni mmoja. Tulisome katika Marko, sura ya 12. Alipowatuma mitume kubatiza, mwishoni mwa Injili ya Mathayo, aliwapa jina, hakuwapa majina. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliianza kanuni yake ya imani kwa Mungu mmoja. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba uungu wenyewe, ulio mmoja, hauzai wala hauzaliwi. Baba ndiye amzaaye Mwana, tangu milele, pasipo kugawanyika. Qurani inapokana kwamba Mungu ana mke hata apate mtoto, inakana uzazi ambao sisi hatukuuungama kamwe. Je, kijana wetu aliwahi kuambiwa hayo?

Hata hivyo tusifichane, tofauti ipo. Mwislamu humheshimu Isa kuwa nabii, sisi twamsujudia. Kwetu sisi, aliyeachwa ni Kristo, na huzuni ya mama ni ya haki. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulinena kwa heshima juu ya Waislamu wanaomwabudu Mungu aliye mmoja, na Desemba ya mwaka huo huo ukakataza kumshurutisha mtu katika dini. Basi baba asimfungie mwanawe mlango. Mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, ambamo vitabu vitakatifu viligeuzwa fimbo, ilituachia kelele nyingi na ujirani mchache. Tusiihamishie sebuleni.

Akija likizo, tusimvizie kwa maji ya baraka. Tumwite kwa jina alilolichagua, hata kama ulimi utakuwa mzito. Nyama ya nguruwe isiwepo mezani siku hiyo. Kuku amchinje yeye mwenyewe, na mama ampike kama alivyompikia zamani. Baada ya chakula baba amwombe aeleze amemjuaje huyo Mungu mmoja, amsikilize mpaka amalize. Kisha baba naye aeleze anamaanisha nini afanyapo ishara ya msalaba.