Mwenye Farasi Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa Sonatubes, Kigali, mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani



Wapo kati yenu waliotoka Nemba, wapo wa Rusumo na Kagitumba, wapo wa Cyanika na Rubavu. Hapa Sonatubes ni njia panda: barabara itokayo Bugesera inakutana na ile iendayo Remera na ile ishukayo kuelekea katikati ya jiji. Kilichovuka mpaka alfajiri huweza kupita hapa kabla ya adhuhuri. Bidhaa husafiri hivyo, na maradhi husafiri hivyo pia.

Mada tuliyoichagua leo ni namna ya kumsaidia mtu ambaye farasi wake ameshikwa na ugonjwa mzito wa mishipa ya fahamu. Huenda mmoja wenu akauliza, polisi na farasi wapi na wapi? Tena nchini Rwanda farasi ni wachache, na watu wengi wa Kigali wamewaona tu wakipandwa na wageni. Lakini nyinyi wa mipakani mnajua kwamba kwa majirani zetu, Tanzania na Kenya hasa, punda ndiye gari la maskini: hubeba maji, kuni, magunia ya mahindi na saruji. Farasi na punda ni wa ukoo mmoja, na maradhi tutakayoyataja huwapata wote wawili. Kwa hiyo tunaposema farasi, mwenye punda naye ajione ametajwa.

Ama kuhusu polisi, jibu ni hili. Mtu ambaye mnyama wake ameanza kuyumba na kuanguka huwa na milango mitatu mbele yake. Anaweza kumficha, anaweza kumuuza upesi kabla wengine hawajajua, au anaweza kusema. Milango miwili ya kwanza hatimaye hufikisha kesi mezani kwetu: mtu aliyeumwa, nyama iliyouzwa kwa siri, ugomvi wa mnunuzi na muuzaji, mnyama aliyevushwa mpaka kwa njia za panya. Mlango wa tatu ndio tunaoutaka, na mtu huupita pale tu anapojua kwamba nje ya mlango huo hayupo wa kumcheka wala wa kumtisha.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Farasi mwenye maradhi ya mishipa ya fahamu huonyesha dalili zinazotisha: huyumba kama mlevi, huburuta kwato, midomo hutetemeka, hushindwa kumeza, hulala chini asiweze kuinuka. Mwingine hugeuka mkali ghafla, akauma hata mti. Maradhi yanayoweza kuleta dalili hizi ni mengi, lakini matatu yatatosha kwa leo.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Farasi hukipata anapoumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye virusi hivyo. Dalili zikishaonekana hakuna tiba, na mnyama hufa ndani ya siku chache. Hatari yake kubwa kwa mwenye farasi ni kwamba ugonjwa huu hujivika nguo za maradhi mengine. Farasi anayeshindwa kumeza, akidondosha mate, huonekana kama aliyekwamwa na chakula kooni. Mwenyewe kwa huruma hutia mkono kinywani mwake kutafuta kilichokwama. Mkono huo ukiwa na mchubuko, mate yamepata njia.

La pili ni pepopunda. Jina lenyewe lina pepo na lina punda ndani yake, na wapo ambao mpaka leo husikia pepo zaidi ya ugonjwa. Si pepo. Ni sumu ya bakteria wanaoishi udongoni na katika samadi, wanaoingia kupitia jeraha, pengine tundu dogo la msumari ukwatoni. Mwili hukakamaa, taya hufunga, utando wa ndani ya jicho hujitokeza, na kelele ndogo humshtua mnyama mwili mzima. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi na sumu hii. Hata hivyo wapo wanaopona kwa matibabu na uangalizi wa wiki kadhaa, na chanjo ya kuuzuia ipo.

La tatu ni homa ya Nile Magharibi. Virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, eneo la mpakani kama yenu. Huishi katika ndege, na mbu ndio wanaovihamisha. Farasi aliyeugua hamwambukizi farasi mwenzake wala bwana wake kwa kuwa karibu naye. Kati ya farasi wanaoonyesha dalili, takriban mmoja katika kila watatu hufa. Maana yake ni kwamba walio wengi huweza kuinuka tena.

Tumeyapanga maradhi haya matatu pamoja kwa makusudi. La kwanza halina tumaini na ni hatari kwa watu. La pili lina tumaini na haliruki kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. La tatu pia lina tumaini. Lakini kwa jicho la mtu asiye daktari, siku ya kwanza na ya pili, yote matatu huweza kufanana. Basi kanuni ni moja: mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo, kila farasi anayeyumba au kushindwa kumeza ahesabiwe kuwa huenda ana kichaa cha mbwa.

Sasa tumtazame mwenye farasi. Huyu hana uhakika. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo baada ya mnyama kufa, kwa hiyo hata daktari aliyesimama kando yake hawezi kumpa neno la mwisho mnyama akiwa hai. Anaogopa hasara. Anaogopa kwamba yeye na watoto wake wamekwisha kuambukizwa. Na anamhurumia mnyama aliyemtumikia miaka mingi. Mtu aliyebeba mizigo hiyo mitatu kwa pamoja hana nguvu ya kubeba wa nne, yaani maneno ya majirani.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni ulimi. Tusimwambie, “Ulimlisha nini?” Tusimwambie, “Amerogwa.” Wala tusimwambie, “Muuze leo kabla hajafa.” Tumwambie, “Tupo. Nani wa kumpigia simu?” Kisha simu ipigwe palepale kwa ofisa mifugo wa sekta, na awepo mtu wa kukaa na mwenye mnyama mpaka ofisa afike.

Msaada wa pili ni mikono inayojizuia. Mnyama atengwe mahali penye kivuli na uzio. Watoto na mbwa wawekwe mbali. Asiwepo wa kutia mkono kinywani mwake, na anayempa maji ayasogeze kwa kijiti au kwa ndoo yenye mpini mrefu. Jirani mwenye kalamu aandike majina ya wote waliomgusa mate, waliomnywesha dawa au waliochangia kumwinua katika siku zilizopita. Orodha hiyo ni zawadi kubwa, kwa sababu mwenye mnyama mwenyewe, katika kihoro chake, atasahau.

Kila aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye kidonda, machoni au mdomoni, asingoje majibu ya maabara. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo akapate chanjo. Kwa mwanadamu dalili huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 3 kujitokeza, na muda huo huwadanganya watu wakadhani wamesalimika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Wengi wao wangeokolewa kwa sabuni, maji na chanjo iliyotolewa mapema.

Msaada wa tatu ni utulivu. Daktari akisema ni pepopunda, dawa yake mojawapo ni giza na kimya. Hapo jirani anaweza kufanya jambo ambalo mwenye farasi hawezi kulifanya peke yake: kupunguza redio, kuwatuma watoto wakacheze uwanja mwingine, kuomba pikipiki zisipite nyuma ya banda. Na daktari akisema ni homa ya Nile Magharibi, farasi aliyelala chini atahitaji majani makavu ya kumlalia na watu wa kumgeuza ubavu kwa zamu, kwa kuwa uzito wake mwenyewe humuumiza. Zamu ya saa mbili usiku kutoka kwa jirani ni msaada unaohisiwa.

Sasa tunasema juu ya mpaka. Mnyama mgonjwa asivushwe, wala kwa kumtafutia daktari ng’ambo, wala kwa kumuuza. Mnyama mzima naye avushwe kwa cheti cha daktari wa mifugo kupitia kituo rasmi. Mfano wa karibuni ulitoka mbali. Mwezi Februari 2021, huko Valencia nchini Hispania, farasi waliokusanyika kwa mashindano walipatwa na virusi vya hepesi vinavyoshambulia mishipa ya fahamu. Baadhi yao waliondoka kabla hali haijajulikana vema, na ugonjwa ukaonekana katika nchi nyingine; mashindano yakasimamishwa katika nchi nyingi za Ulaya. Ikiwa hayo yalitokea kwa matajiri wenye madaktari wao na magari maalumu, sisi wenye njia za porini tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Kuna pia wanunuzi wa ngozi za punda, ambao hawaulizi mnyama alikuwa mzima au mgonjwa. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mtu akija usiku kwa mwenye punda anayeyumba na kumwekea fedha mkononi, ajue kwamba anakaribishwa katika kosa, na kwamba atakayemchuna mnyama huyo anaweza kulipa kwa maisha yake.

Huenda ikafika siku ya kuamua mnyama apumzishwe. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo pamoja na mwenye mnyama, na mwenyewe apewe nafasi ya kuagana naye kwa mbali. Hapa tunawakumbusha pia askari wenzetu: ikilazimu kutumia silaha kwa sababu mnyama anahatarisha watu, isilengwe kichwani, kwa maana ubongo ndio unaopimwa, na ukiharibika familia nzima itabaki bila jibu. Mzoga usiliwe, usichunwe, usitupwe mtoni. Uzikwe kwa kina kama daktari atakavyoelekeza, na ufikiwe na wenye glavu na buti tu.

Baada ya maziko huja wiki ngumu zaidi. Watu wametawanyika, orodha imewasilishwa, na mwenye mkokoteni amebaki na mkokoteni usio na wa kuuvuta. Kikundi cha kuweka na kukopa kimfikirie. Wenye punda wamwazime kwa zamu, siku moja moja, apate kuchota maji ya kuuza. Na wote tumlipe kwa jambo lililo katika uwezo wa kila kijiji: tuwapeleke mbwa wetu kuchanjwa. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa huu hukatika. Anayemlinda farasi wa jirani yake huanza na mbwa wake mwenyewe.

Kwa upande wetu tunatamka haya mbele yenu. Anayeripoti mnyama mgonjwa tutampokea kama mlinzi, si kama mshukiwa. Tutamsaidia kumpata ofisa mifugo, tutasaidia kuweka uzio wa watu, na jina lake halitageuzwa kuwa habari za kijiweni. Penye hatari kwa watu, pigeni 112, usiku au mchana.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Nasi tunaongeza kwamba mara nyingi mficha maradhi hufichishwa na jamii yake, kwa kicheko chake na kwa haraka yake ya kuhukumu. Tukiiondoa haraka hiyo, mwenye farasi atasema mapema. Akisema mapema, watoto watachanjwa mapema, na mnyama wa jirani ng’ambo ya mpaka atabaki salama. Mkirudi Nemba, Rusumo, Kagitumba, Cyanika na Rubavu, mtafuteni ofisa mifugo wa sekta yenu, mwandike namba yake ukutani penye kisima na penye soko, ili siku farasi au punda wa mtu atakapoyumba, mwenyewe asianze kwa kuuliza ni nani wa kumwambia.