Sheria Iliyozaliwa na Hofu: Wagonjwa wa Ukoma wa Kisiwa cha Robben



Itajwapo Robben, kisiwa cha Afrika Kusini, twakumbuka gereza alimofungwa Nelson Mandela. Lakini miaka mingi kabla yake, kisiwa hicho kilihifadhi watu ambao hawakutenda kosa lolote. Kuanzia mwaka 1846, serikali ya Koloni la Cape, chini ya Waingereza, ilipeleka huko wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1884 ilitungwa sheria ya kuuzuia ugonjwa huo. Ilipoanza kutumika mwaka 1892, mgonjwa aliweza kuondolewa nyumbani kwake kwa nguvu na kutengwa pasipo kikomo.

Watawala walijitetea kwa elimu ya tiba. Ni kweli kwamba mwaka 1873 daktari Armauer Hansen wa Norway aligundua kijidudu cha ukoma. Lakini huko Norway kwenyewe, sheria ya mwaka 1885 ilimruhusu mgonjwa kuishi kwake, mradi awe na chumba na vyombo vyake; aliposhindwa masharti hayo, ndipo alipoweza kulazimishwa kwenda hospitali. Kijidudu kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni heshima aliyopewa mgonjwa.

Wagonjwa wa Robben hawakunyamaza. Mmoja wao, Franz Jacobs, aliwaongoza wenzake kumpelekea Malkia Victoria malalamiko yao. Hawakuomba sadaka, walidai uhuru wao, wala hawakuupata.

Na Wakristo je? Mwaka 1895 lilijengwa kisiwani Kanisa la Mchungaji Mwema kwa ajili ya wanaume wenye ukoma. Hospitali ilifungwa mwaka 1931 na majengo yake mengi yakabomolewa, bali kanisa lingali limesimama. Kumfariji aliyetengwa ni tendo jema. Hata hivyo, haki yatudai zaidi: tusali pamoja naye, kisha tuulize ni nani aliyemtenga, na kwa sababu gani.

Ndugu zangu, leo ukoma unatibika. Dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, imetolewa bure tangu mwaka 1995, na tiba huchukua miezi 6 au 12. Watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu. Kisiwa kilichobaki kimo mioyoni mwetu: kikombe kinachotengwa, mchumba anayekataliwa, jirani asiyealikwa arusini.

Basi katika jumuiya zetu ndogondogo, mwenye baka lisilo na hisia ahimizwe kwenda zahanati mapema, kabla ya kupata ulemavu. Aliyepona arudishiwe nafasi yake barazani na kanisani. Na kila inapopendekezwa sheria ya kuwatenga wagonjwa wowote, tuulize kwanza: je, wao wenyewe wamesikilizwa?

Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa. Nasi tufuate utaratibu huo.