Mafunzo ya Masjala Yaanze kwa Wakubwa

Mwalimu aliyefundisha miaka 30 hustaafu kwa siku moja, lakini kuthibitisha kwamba alipata kuajiriwa huweza kumchukua miaka. Barua yake ya ajira haionekani. Ile ya kuthibitishwa kazini ipo, ila imo katika jalada la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Mzee huambiwa arudi kesho. Na penye kesho nyingi kupe wa rushwa hakosekani: jalada lililopotea mwezi mzima huonekana ghafla kwa dakika tano.

Sheria haikukosekana. Idara ya Nyaraka ilianzishwa mwaka 1963, na Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 ikaweka kumbukumbu zinazotumika na nyaraka za kale chini ya mkurugenzi mmoja, ikawabebesha wakuu wa ofisi za umma wajibu wa kumbukumbu zao. Kinachopungua ni mafunzo, hasa kwa wale wasiodhani kuwa yanawahusu.

Karani wa masjala hufundishwa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kozi zake. Anajua kugonga mhuri wa tarehe, kuingiza barua katika rejista, kuipa folio na kuandika jalada limekwenda kwa nani. Mkubwa wake hajui. Hulichukua jalada mwenyewe, hulifungia katika mtoto wa meza, kisha huenda likizo na ufunguo. Huyo ndiye wa kupelekwa darasani kwanza, naye apewe zoezi moja tu: afuatilie barua moja tangu ilipopokelewa hadi ilipojibiwa. Wengi hawatafika nusu ya njia.

Tena ikomeshwe desturi ya kumtupia masjala mtumishi aliyeshindikana kwingine. Uhakiki wa vyeti uliotangaza mwaka 2017 kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi ulihusu karatasi zilizopokelewa na kufungwa majaladani bila kukaguliwa. Aliyezipokea siku ile ya kwanza alikuwa mlinzi wa fedha ya umma, hata kama hakuna aliyemwambia.

Wapo wanaosema kompyuta itamaliza yote. Jalada lililovurugika likiingizwa katika kompyuta hubaki limevurugika, ila vumbi lake halionekani tena. Mafunzo yatangulie mashine, na orodha ya wanaokwenda darasani ianzie ghorofa ya juu.