Kipimo Kinachozima Taa

Msikilizaji, kwenye majaruba ya Mbarali, mkoani Mbeya, palizi ya mikono inapungua. Mkulima hutoa maji jarubani, hubeba bomba mgongoni na kupiga dawa ya magugu. Mara nyingi ni 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana na kuuacha mpunga umesimama. Kisha hufungulia maji tena. Yanayobaki hurudi mferejini, yakaelekea mto Ruaha Mkuu, na huko njiani kuna watu wanaochota ya kunywa.

Dawa hiyo ikishakuwa ndani ya maji kwa kiasi kidogo, jicho haliioni. Maabara huweza kuipima kwa mitambo ya bei kubwa, lakini sampuli isafirishwe, ikae foleni. Majibu yakitoka, maji yenyewe yameshapita zamani.

Sasa wanakemia wamebuni njia nyingine. Wanatumia nukta za kaboni, punje zisizozidi nanomita 10, zinazong'aa zikimulikwa kwa urujuanimno. Zimewahi kutengenezwa hata kwa juisi ya machungwa! Nukta hizo hufunikwa na oksidi ya manganizi, zikafifia. Kisha huletwa kimeng'enya, fosfatesi, kile kile ambacho viwanda vya maziwa hukitumia kuhakiki kama maziwa yamepashwa moto vya kutosha. Kikifanya kazi, hutoa vitamini C kutoka kwenye kemikali iliyoifungia. Vitamini hiyo huyeyusha lile gamba la manganizi, na nukta zikawaka. Lakini 2,4-D hukilegeza kimeng'enya. Kwa hiyo maji safi huwaka, na yenye dawa hubaki na giza. Tunasoma giza, si mwanga.

Ni werevu mtupu. Ila mimi nina shaka, na shaka yangu iko kwenye mfuko wa mbolea. Fosfatesi hiyo hiyo hulegezwa pia na fosfeti, na fosfeti ndiyo iliyojaa kwenye mbolea ya DAP tunayopandia. Kipimo kinaweza kuishitaki dawa kumbe mkosaji ni mbolea. Tena maji ya mfereji yana mabaki ya majani yaliyooza, nayo hung'aa yenyewe chini ya urujuanimno na kuweza kuficha giza tunalolisoma. Kung'ara kwenye maji ya chupa ya maabara hakunitoshi.

Halafu kuna suala la kiwango. Kwa lita moja ya maji ya kunywa, Ulaya huruhusu mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja, Shirika la Afya Duniani linapendekeza 2,4-D isizidi 30, Marekani 70. Maji yaleyale yanafaulu Marekani na kuanguka Ulaya. Kipimo cha mferejini kitawaka au kuzimika kwa namba ipi?

Wanaotaka kutuletea kifaa hiki waje Mbarali wiki ya kupandia, DAP ikiwa bado jarubani, wapime maji ya mfereji mbele ya wakulima, na kila sampuli ipelekwe pia kwenye mtambo mkubwa wa maabara. Majibu yote mawili yabandikwe ofisi ya kijiji.