NCHI JIRANI: WANAWAKE WA BAISKELI NA VILIMA VYA KIGALI



Kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 28 Septemba 2025, jirani yetu Rwanda aliwapokea waendesha baiskeli bora wa dunia nzima. Mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalikuwa yamekwisha kufanyika Ulaya, Amerika, Asia na Australia. Bara letu la Afrika lilikuwa bado kuguswa. Magazeti mengi yalijaza kurasa zao habari za wanaume na bingwa wao, Tadej Pogačar wa Slovenia. Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu wanawake, kwa kuwa mbio zao zina jambo kubwa zaidi la kuwaambia ninyi mnaovaa sare.

Kwanza tuseme wazi lile ambalo kila askari atakuwa amelifikiri. Mwezi Januari mwaka huohuo wa 2025, waasi wa M23 waliutwaa mji wa Goma, na mwezi uliofuata Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya Kigali yafutwe iwapo Rwanda haitabadili mwenendo wake Kongo. Wapo miongoni mwa wasikilizaji wetu wanaoijua Goma kwa miguu yao wenyewe, wala si kwa kuitazama katika ramani. Baiskeli haimalizi vita, na wala haikuwahi kudai kuimaliza. Lakini mashindano yalifanyika, na wanawake waliofika Kigali walikuja kushindana wala hawakuja kuhukumu. Tuwatazame katika kazi yao.

Mbio kuu ya wanawake ilifanyika siku ya Jumamosi, tarehe 27 Septemba. Urefu wake ulikuwa kilomita 164.6, karibu sawa na safari ya kutoka Kigali hadi Rubavu mpakani. Njia yake ilikuwa mzunguko wa kilomita 15 ndani ya mji, uliorudiwa mara 11. Katika kila mzunguko palikuwa na mipando miwili mikali, mmoja karibu na uwanja wa gofu, wa pili Kimihurura, ambako barabara imetandikwa mawe. Ukijumlisha kila walipopanda, wanawake hao walikwea zaidi ya mita 3,300 kwa siku moja, katika mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, ambako pumzi ya mgeni hukatika upesi. Aliyewahi kubeba mzigo na silaha katika mwendo wa usiku milimani hahitaji kuelezwa zaidi.

Wengi walitazamia kwamba ushindi ungekwenda kwa Demi Vollering wa Uholanzi, au kwa Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, aliyekuwa ametwaa mbio ya kuzunguka Ufaransa wiki chache kabla. Mambo yakawa mengine. Wakubwa walichungana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Wakati wakichungana, kikundi kidogo kiliwatoroka, na ndani ya kikundi hicho alikuwamo Magdeleine Vallieres wa Kanada, msichana wa miaka 24 ambaye jina lake halikuwa midomoni mwa watabiri. Aliwaacha wenzake katika mpando wa mwisho, akafika mstarini peke yake. Wa pili alikuwa Niamh Fisher-Black wa New Zealand, na wa tatu Mavi García wa Hispania, mama mtu mzima wa miaka 41.

Ndugu wasikilizaji, mtu asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa ni mchezo wa mtu mmoja mmoja. Sivyo. Ni kazi ya kikosi. Anayekwenda mbele huukata upepo. Anayemfuata nyuma ya gurudumu lake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana kila timu ina kiongozi, na waliobaki ni wasaidizi. Msaidizi hurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, huzijaza mgongoni ndani ya jezi, kisha hupambana kulifikia tena kundi ili awanyweshe wenzake. Kiongozi akitobokewa gurudumu, msaidizi humpa la kwake na kubaki kando ya barabara akingoja gari. Jina la msaidizi huyo haliandikwi popote, na mshahara wake ni mdogo.

Hayo yote huonekana zaidi katika mbio za hatua. Hizi ni mbio za siku nyingi mfululizo: kila siku ina njia yake na mshindi wake, lakini bingwa ni yule ambaye jumla ya saa zake zote ni ndogo kuliko za wengine. Katika mbio ya wanawake ya kuzunguka Ufaransa, anayeongoza kwa jumla hiyo huvaa jezi ya njano. Mwaka 2024 jezi hiyo ilikuwa ya Vollering hadi siku ya hatua ya tano, alipoanguka zikiwa zimesalia kilomita chache tu. Mwenzake wa timu alikuwa mbele na akaishinda hatua hiyo. Kiongozi alifika akiwa amechubuka, na amepoteza zaidi ya dakika moja. Ilibishaniwa sana baadaye kwa nini timu haikurudi yote nyuma kumwokoa. Siku ya mwisho, katika mpando wa Alpe d'Huez, Vollering alishinda hatua, lakini ubingwa ulikwenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland kwa tofauti ya sekunde 4, baada ya zaidi ya saa 24 za kukanyaga pedali. Sekunde 4! Kamanda yeyote angeweza kutumia mkasa huo darasani.

Mbio hizi za hatua kwa wanawake hazikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1955 waliandaliwa mbio ya siku tano Ufaransa, ikashindwa na Millie Robinson wa Uingereza, na mwaka uliofuata haikurudiwa. Ikapita miaka 29. Mwaka 1984 wanawake waliruhusiwa kuizunguka Ufaransa wakati uleule wa wanaume, wakipita saa chache kabla yao katika sehemu za mwisho za njia zilezile. Walikuwako waliosema kuwa miili ya wanawake haitastahimili, na kwamba wengi wataanguka njiani. Walianza 36, wakamaliza 35. Marianne Martin wa Marekani, aliyeshinda, alipewa kikombe na kiasi cha dola 1,000. Mwanamume aliyeshinda mwaka huo alipata zaidi ya dola 100,000. Mwaka 1989 waandaaji wakaiacha mbio hiyo kwa sababu ya fedha. Wengine waliiokota wakaiendesha kwa majina mbalimbali, ikapungua mwaka hadi mwaka, na ile ya mwisho ya 2009 ilikuwa ya siku nne tu. Ilirudi rasmi mwaka 2022, ikiwa na hatua 8 na kilomita zaidi ya 1,000, na zawadi ya mshindi ikiwa euro 50,000. Mshindi wa wanaume alipata 500,000.

Hata mshahara wa lazima kwa wanawake wa timu za daraja la juu kabisa ulianza mwaka 2020 tu, nao ulikuwa euro 15,000 kwa mwaka. Timu za chini yake hazikulazimishwa kulipa chochote. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanawake hawa walikuwa wauguzi, walimu na makarani waliokuwa wakifanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Sasa turudi kwetu Afrika. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alishindana katika mashindano ya dunia mjini Richmond, Marekani, wakati ambapo kumwona mwanamke mweusi wa Afrika katika mbio hizo kulikuwa ni ajabu. Kuanzia mwaka 2022 Diane Ingabire, naye wa Rwanda, aliajiriwa na timu ya vijana ya Canyon-SRAM huko Ulaya. Eyeru Gebru, mzaliwa wa Tigray nchini Ethiopia, alikimbia vita vya kwao, na katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliendesha baiskeli chini ya bendera ya timu ya wakimbizi.

Juu ya wote amesimama Kim Le Court wa Mauritius. Binti huyu wa kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi aliwahi kujaribu bahati yake Ulaya ujanani, akarudi Afrika Kusini kushindana katika mbio za baiskeli za njia za milimani, na mwaka 2024 akaenda Ulaya tena. Aprili 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège, mojawapo ya mbio kongwe zenye heshima kubwa kabisa. Miezi mitatu baadaye alishinda hatua katika mbio ya wanawake ya Ufaransa na kuivaa jezi ya njano kwa siku kadhaa, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kigali hakupata medali, lakini aliyemwona akipanda Kimihurura hatamwambia binti yake kwamba mchezo huu ni wa Wazungu.

Hata hivyo ukweli lazima usemwe. Wengi wa dada zetu wa Kiafrika walioanza mbio ile ya Kigali hawakuimaliza mizunguko yote 11. Walizidiwa. Hakuna aibu katika hilo, ila ipo sababu. Mwendesha baiskeli wa ngazi hii hutengenezwa kwa miaka mitano au sita ya kushindana siku nyingi kila mwaka, katikati ya kundi kubwa, kwa mwendo wa kasi. Mbio ya hatua ya Rwanda yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1988 na kusifika barani kote, ilikuwa bado ni ya wanaume ilipofanyika Februari 2025. Msichana wa Rubavu au wa Musanze aliisimamia kando ya barabara akipiga makofi.

Kwa upande wa polisi, Kigali ilikuwa na somo jingine. Kulinda mbio ya barabarani ni kulinda uwanja usio na ukuta. Wenyeji walifunga shule za mji kwa juma zima, na watumishi wengi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani ili barabara ziwe wazi. Tena palikuwa na tahadhari mpya. Septemba 2024, katika mashindano ya dunia ya Zürich, Uswisi, msichana wa miaka 18, Muriel Furrer, aliteleza kwenye mteremko wenye msitu, akaanguka nje ya barabara, na hapakuwa na aliyejua alipo kwa muda mrefu. Alifariki. Kigali, kila baiskeli ilifungwa chombo cha kuonyesha mahali ilipo wakati wote, ili anayesimama ghafla ajulikane mara moja. Trafiki wetu, ambao husindikiza misafara na mbio za kila namna kwa filimbi na pikipiki, watakubali kwamba jambo hilo limechelewa kufanyika.

Linabaki swali la nani amlipe mwanamke wa Kiafrika katika miaka ile mitano au sita kabla hajashinda kitu. Makampuni hayamjui. Familia yake inamhitaji shambani. Jibu moja limekuwako kwa muda mrefu, tena kwa watu wenye sare. Elisa Longo Borghini, aliyeshinda mbio ya wanawake ya kuizunguka Italia mwaka 2024 na tena 2025, ni mwanamichezo wa kikosi cha Polisi ya Italia kiitwacho Fiamme Oro. Marta Bastianelli, bingwa wa dunia wa mwaka 2007, alikuwa katika kikosi cha askari magereza wa nchi hiyohiyo. Serikali iliwapa ajira, wao wakaleta medali.

Jambo hilo si geni kwetu. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo siku chache tu kabla ya mashindano ya Kigali, ni mwanajeshi. Magdalena Shauri, aliyekimbia Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41 na kushika nafasi ya tatu, ni mwanajeshi. Kule Mwanza, Shinyanga na Tabora, baiskeli ni mguu wa tatu wa mkulima, na wanawake wamekwisha kushindana katika mbio za Kanda ya Ziwa kwa baiskeli zilezile za kubebea maji na mahindi. Msichana anayeweza kusukuma pedali kwa kilomita 60 akiwa juu ya chuma kizito namna ile hakosi miguu. Anakosa baiskeli nyepesi, kocha, na mahali pa kupokea mshahara mwisho wa mwezi.

Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi lina mashindano yake ya baiskeli, nayo yana mbio za wanawake. Baraza letu la Michezo ya Majeshi litakapokaa kupanga kalenda yake, jambo hili linastahili kuwekwa mezani. Barabara ya kutoka Rusumo hadi Kahama imekwisha kutandikwa lami, na vilima vya Ngara si vya kuchezea.