Kiendeshi Kimoja, Dhana Moja: Istilahi za Kiswahili na Mabadiliko ya Vifaa katika Seva



Mada ninayoileta mbele yenu inaweza kuonekana kuwa mali ya mafundi wa kompyuta kuliko wana-isimu. Inahusu seva zinazotumia mfumo huria wa Linux, na yale yanayotokea kifaa kimoja kinapotolewa na kingine kuwekwa mahali pake. Hata hivyo, nakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo hilo ni tatizo la majina, na kwamba istilahi isiyo wazi inaweza kumpotezea mtu data zake.

1. Mfano wa Msangeni

Tuchukue mfano wa kufikirika. Msangeni iko Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, sehemu ya iliyokuwa Wilaya ya Pare ambayo leo ni Same na Mwanga. Mtoto wa huko aweza kusikia Kigweno nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tuseme shule moja ya eneo hilo ina seva ndogo: kompyuta ya mezani iliyokwishatumika kwingine, yenye orodha za wanafunzi na matokeo ya mitihani. Siku moja ubao mama unaungua. Diski imesalimika. Mwalimu anaihamishia katika kompyuta nyingine, anawasha, na seva haiamki.

Data zote zimo. Kilichopotea ni maelewano baina ya programu na vifaa vipya. Ili kulieleza jambo hili yatupasa kufahamu dhana mbili. Ya kwanza ni kiini, yaani ile sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu, muda wa kichakataji na matumizi ya vifaa. Ya pili ni programu ndogo inayokijua kifaa fulani kwa undani: kadi ya mtandao hii huamriwa hivi, kidhibiti cha diski kile hujibu vile. Kiini hutoa agizo la jumla, nayo programu hiyo huligeuza liwe agizo ambalo kifaa hicho hulielewa. Katika Linux programu za namna hii huchukua zaidi ya nusu ya msimbo wote wa kiini. Nyingi hutengenezwa kama moduli, ambazo hupakiwa pale tu kifaa chake kinapoonekana.

Seva yetu ilikwama mapema zaidi. Mfumo unapoamka hutumia kwanza kifurushi kidogo cha kuwashia, chenye moduli za kuufikisha kwenye diski. Mifumo mingine huweka humo moduli za vidhibiti vya kila namna. Mingine huweka za mashine ile tu ambamo kifurushi kilitengenezwa. Kwa njia ya pili, ukihamisha diski kwenda kwenye mashine yenye kidhibiti tofauti, kiini huamka, hukitafuta chumba cha data, hukosa mlango, na husimama. Dawa yake si kufuta wala kusimika upya. Fundi huwasha kompyuta kwa diski ya uokoaji, huingia katika mfumo wa zamani, na kutengeneza kifurushi kingine chenye moduli inayotakiwa.

2. Jina la kiti na jina la mtu

Tuseme seva sasa imeamka, lakini mtandao haupo. Kwa miaka mingi Linux iliziita kadi za mtandao kwa mfuatano wa kuonekana kwake: eth0, eth1, na kuendelea. Ni sawa na mwalimu anayewaita wanafunzi “wa kwanza” na “wa pili” kwa jinsi walivyoketi. Wakibadilishana viti, adhabu ya mmoja humwangukia mwingine. Programu ya udev, iliyoanza mwaka 2003, iliwezesha jina kufungwa kwenye namba ya pekee ya kadi. Hilo lilileta utulivu, lakini lilizaa kero nyingine. Kadi ikiungua na mpya ikiwekwa, mfumo uliendelea kumtunzia marehemu jina la eth0, na mgeni akapewa eth1. Maelekezo yote ya mtandao yalikuwa yameandikwa kwa jina la marehemu.

Mwaka 2013 ukaja utaratibu mwingine ndani ya systemd, ambao kwa kawaida hutoa jina kwa kufuata mahali kadi ilipochomekwa, kama vile enp3s0. Kadi ikibadilishwa katika tundu lilelile, jina hubaki. Ikihamishwa tundu, au ubao mama ukiwa mwingine, jina hubadilika. Kwa upande wa diski, jina kama sda hutegemea mfuatano, ilhali kitambulisho cha UUID huandikwa katika mfumo wa faili wenyewe na kusafiri pamoja nao. Ndiyo maana fundi makini huandika UUID katika orodha ya diski za kufunguliwa.

Hakuna jina lisilo na gharama. La muhimu ni kujua jina limefungwa kwenye nini: mfuatano, mahali, au kitu chenyewe. Swali hilohilo ndilo tunalopaswa kuliuliza katika uundaji wa istilahi.

3. Mzigo wa kitenzi “endesha”

Kitenzi endesha kimebebeshwa mengi katika Kiswahili cha kompyuta. Tunasema mfumo endeshi, tunasema kuendesha programu, na tunasema kiendeshi. Neno hili la mwisho linaweza kueleweka kwa maana mbili: kifaa kinachozungusha au kuhifadhi diski, na ile programu ya kifaa niliyoieleza hapo juu. Chanzo cha utata ni Kiingereza, ambamo maneno mawili yanayokaribiana yametoka katika kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza mwisho wa neno huyatenganisha. Katika Kiswahili yote mawili yameangukia kiambishi kimoja cha ki-.

Sasa fikirini fundi aliye Moshi akimwelekeza kwa simu mwalimu wetu wa Msangeni: “Ondoa kiendeshi cha zamani, kisha weka kipya.” Au vibaya zaidi: “Futa kiendeshi.” Kwa maana moja, mwalimu ataondoa moduli isiyohitajika, na hapana kitakachopotea. Kwa maana nyingine, atafuta diski yenye matokeo ya wanafunzi wote. Sentensi ni fasaha katika maana zote mbili. Sarufi haitamwokoa.

Wapo wanaopendelea dereva. Neno hilo lina faida ya kujulikana na kila mtu, lakini linapotosha, kwa kuwa dereva ndiye anayeamua gari liende wapi, ilhali programu hii haiamui lolote. Wengine husema mkalimani. Kwa kufundishia ni neno zuri sana, kwani linaeleza kazi yenyewe. Tatizo ni kwamba sayansi ya kompyuta inalihitaji kwa programu inayofasiri msimbo mstari kwa mstari. Tungetoka katika utata mmoja na kuingia katika mwingine.

Pendekezo langu ni la kiasi. Kiendeshi kibaki kwa dhana ya programu ya kifaa peke yake, na daima kitajwe na mwenye wake: kiendeshi cha kadi ya mtandao, kiendeshi cha printa. Kifaa cha kuhifadhia data kiitwe diski, neno ambalo watumiaji wanalo tayari. Diski ifutwe, kiendeshi kiondolewe. Vitenzi navyo visaidie kulinda mpaka.

4. Hazina ya milimani

Ugweno ilisifika kwa uhunzi. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alieleza jinsi Washana, ukoo wa wafua chuma, walivyotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Hata leo mkulima hununua jembe dukani na kuchonga mpini mwenyewe. Jembe likilika, huweka jingine katika mpini uleule, almradi tundu lioane na mkia wa jembe. Kiendeshi ni kazi ya tundu hilo.

Wala si mara ya kwanza Kiswahili kupanda milima kutafuta maneno. Neno kitivo, tunalolitumia vyuoni, limetoka katika lugha za Upare na Usambara, kama ngeli ilivyotoka Buhaya na ikulu Unyamwezi. Wapare wana ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji ili yafunguliwe shambani kwa zamu. Kompyuta nayo ina sehemu ya kumbukumbu ambamo data hukusanywa kabla ya kifaa chenye mwendo mwingine kuzipokea. Nawaachia wanafunzi walipime neno hilo.

5. Hitimisho

Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Hakupewa msimbo. Tukio hilo lilichangia kuzaliwa kwa mradi wa GNU alioutangaza mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds akatoa kiini cha Linux. Harakati hizo zilitupa ruhusa ya kuufungua mfumo na kuusoma. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba ruhusa hiyo yaweza kutumiwa kwa Kiswahili.

Lakini msimbo ulio wazi kwa macho waweza kuwa umefungwa kwa lugha. Mwalimu wa Msangeni anayo haki ya kuirekebisha seva yake. Kazi yetu, katika vitivo vyetu, ni kuhakikisha kwamba anapoelekezwa kwa Kiswahili kuondoa kitu, anajua bila shaka yoyote ni kitu gani.