Tujenge Kidogo, Tuonyeshe, Turekebishe

Hotuba ya kamati ya fedha katika hafla ya kuchangia mafunzo ya kompyuta

 

Kamati ya fedha tumepewa dakika chache tueleze kwa nini mwaka huu tunawaomba mchangie mafunzo ya kompyuta, wakati madawati na vyoo bado havitoshi. Wengi mmetuuliza swali hilo kwa simu, na ni swali la haki. Wahasibu tumezoea kuulizwa fedha imekwenda wapi. Leo tunataka tulijibu kabla haijakwenda.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anakitumia. Zamani ukitaka kumtumia mama hela kijijini, ulikwenda stendi kumtafuta mtu unayemwamini. Leo unabonyeza simu. Lakini M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, Oktoba 2005, haikukusudiwa kuwa ya kutumiana hela. Ilikuwa ya wakopaji kulipa marejesho ya mikopo midogo. Waliojaribu hawakuzidi 500. Timu iliyoiunda, wakiwemo Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, ikawaangalia wateja hao wanavyoitumia. Ikaonekana wanatumiana hela wao kwa wao, na wengine wanaiweka kwenye simu ili wasisafiri na fedha taslimu. Mpango ukabadilishwa. Ilipofunguliwa rasmi Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Waandishi wa programu za kompyuta wana jina la kazi ya namna hii: ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Misingi yake iliandikwa Februari 2001 na watu 17 wa fani hiyo waliokutana Utah, Marekani. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: timu ndogo inachukua kipande cha kazi cha wiki mbili hivi, inakimaliza, inamwonyesha mtumiaji, inarekebisha, ndipo inachukua kipande kingine. Asubuhi wanakutana kwa dakika chache, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na amekwama wapi. Aliyekwama hachekwi, anasaidiwa.

Kinyume chake tumekiona mjini. Ofisi moja iliagiza mfumo wa stoo ukiwa mzima, ukalipiwa, ukasubiriwa miezi mingi. Ulipofika, watunza stoo waliendelea na daftari, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wanavyopokea mzigo.

Sasa, kijana wa Mbangala anaingia wapi hapo? Tutazame mfano mwingine. Januari 2008, Kenya ikiwa katika vurugu za baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kuwaomba mafundi watengeneze ramani ya matukio. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaifanya kazi hiyo wakiwa sehemu mbalimbali, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Aliyeanzisha jambo lile hakuwa mwandishi wa programu. Alijua shida, akaieleza vizuri. Katika timu hizi yuko anayeandika programu, anayeijaribu mpaka iharibike, anayechora sura ya skrini, na anayewasikiliza watumiaji. Binti aliyekua akiona mama yake anavyouza mpunga kwa mkopo anajua mambo ambayo fundi wa Dar es Salaam hayajui. Anachohitaji ni hesabu, Kiingereza cha kusomea, subira ya kutafuta kosa, na kazi ndogo aliyoifanya kwa mikono yake ya kumwonyesha mwajiri. Shahada inasaidia sana, lakini mwajiri wa kazi hii huuliza pia: umetengeneza nini?

Wapo wanaosema tutawafundisha kisha wataondoka. Baadhi wataondoka, kama sisi tulivyoondoka. Lakini fundi wa programu anaweza kumhudumia mteja wa Tunduma au Mbeya akiwa Mkwajuni, mradi ana umeme na mtandao. Ni kazi chache za ofisini zenye nafasi hiyo.

Kwa hiyo hatuombi jengo kubwa lenye kompyuta 40. Tunaomba awamu ya kwanza tu: kompyuta mpakato 5, umeme wa jua wa kuzichaji, na posho ya mwalimu kwa Jumamosi 12. Kila baada ya wiki mbili wanafunzi watawaonyesha wazazi kitu kimoja kinachofanya kazi. Kinaweza kuwa daftari la mauzo, au hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Wazazi watasema kinafaa au hakifai.

Mwalimu ndiye atakayetangulia kupatikana. Asipopatikana, fedha inabaki benki, na hatutanunua mashine za kufungiwa kabatini. Wiki 12 zikiisha, tutawatumia mapato na matumizi pamoja na maoni ya wazazi. Mkiona hakuna kilichopatikana, awamu ya pili haitakuwepo, na salio litanunua madawati. Mkiridhika, tutaongeza kompyuta na darasa la pili.

Ndugu zetu, ahadi ndogo inayolipwa kwa wakati inatusaidia kupanga kuliko ahadi kubwa inayobaki kwenye karatasi. Andikeni mnachokiweza, na mtudai hesabu yake.